Kengele Zilizosema Neno Moja

Siku duka kubwa lilipofunguliwa Katesh, watu walipanga foleni tangu alfajiri kana kwamba ndani kulikuwa na dawa ya kifo. Nami nilikuwa kwenye foleni ile, suruali imenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfukoni mwa shati, mwalimu mzima. Kwa hiyo nikiwasema watu wa siku ile, nisieleweke kwamba nilikuwa pembeni nikiwatazama. Nilikuwa mtu wa kumi na nne, na nilimsukuma wa kumi na tatu.

Mkoa wetu ulikuwa umekatwa kutoka Arusha, bado mpya, na kila mwenye kipaza sauti alitamka neno maendeleo mpaka likachakaa. Wazee walikumbuka enzi za duka la ushirika, rafu tupu na foleni ya sukari. Baadaye biashara ikafunguliwa, wakaja wachuuzi, mitumba ikajaa mnadani, kila mtu akauza alichoweza. Na sasa hili: jengo la bati jekundu, milango miwili ya kioo, na kila kitu ndani kwa bei ambayo mwenye kibanda asingeiweza hata kama angeuza kwa hasara. Lilikuwa na matawi mengine mijini, na waliofika huko walisema bidhaa ni zilezile, zimepangwa vilevile, sabuni mkono wa kushoto, sufuria mkono wa kulia. Mwenye duka hatukumwona hata siku moja. Kiongozi aliyekata utepe alitutangazia kwamba tumekombolewa kutoka kwa walanguzi. Mlanguzi wa karibu aliyeweza kumsema alikuwa mama mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa ameacha kibanda chake wazi akaja kupiga makofi pamoja nasi.

Tulinunua, jamani! Tulinunua ndoo zilizopasuka kwa maji ya baridi. Tulinunua miavuli iliyogeuka nje-ndani kwa upepo wa kwanza wa mlimani, na viatu ambavyo soli zake zilibaki kwenye tope la Mogitu, kijijini kwetu, wakati mguu umeshaendelea na safari. Kitu kikivunjika hatukukasirika. Tulirudi kununua kingine, kwa kuwa kilikuwa rahisi, na tukaona hiyo ndiyo akili.

Sina ugomvi na mjane aliyepata mafuta ya kupikia kwa nusu ya bei akawapikia wanawe. Mtu asiye na kitu ananunua anachoweza, na anayemhubiria kuhusu maadili ya kununua ana tumbo lililoshiba. Dharau yangu naiweka kwa watu wa aina yangu, wenye mshahara wa serikali, tulioweza kuchagua na tukajifanya hatuwezi.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mmoja tu, mama wa makamo kutoka upande wa Nambis, ambaye hakuingia dukani humo. Tulimtania sana. Tulimwambia anaogopa milango ya kioo. Siku moja nilimuuliza mbele ya wenzetu kwa nini anapenda kupunjwa vibandani wakati vitu vya bei chee viko palepale.

"Mimi, mwalimu," akasema huku akiendelea kusahihisha daftari, "nanunua kwa watu watakaokuja kunizika."

Tukacheka mpaka tukashika meza. Nilirudia maneno yake juma zima, nikiiga sauti yake. Ajabu ni kwamba juma lilelile nilikuwa nafundisha methali darasa la sita: usiache mbachao kwa msala upitao. Niliieleza vizuri kabisa, nikatoa mfano, nikawapa zoezi.

Baba yangu alikuwa mfugaji. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Mganga wa zahanati alisema tumechelewa. Baba akasema hajachelewa popote, ng'ombe wake wananenepa. Na ilikuwa kweli. Kila asubuhi aliwatoa mwenyewe, akawapeleka malishoni chini ya mlima, akawanywesha kwenye bwawa pamoja na ng'ombe wa maboma mengine, akawarudisha jua likishuka. Mtu asiyeona mkono wake mwenyewe alichunga ng'ombe miaka minne na hakupoteza hata ndama.

Aliwezaje? Kwa kengele. Ng'ombe wake wanne walivaa kengele za chuma, na kila moja alikuwa akiijua. Jike jeusi aliyeongoza alikuwa na kubwa, yenye sauti nzito ya polepole. Mwekundu aliyependa kubaki nyuma alikuwa na nyembamba, kali, iliyosikika mbali hata upepo ukivuma. Nyingine mbili zilikuwa za katikati, moja ikikwaruza kidogo, moja ikiwa safi. Baba akisikia hizo nne alijua nani yuko wapi, nani anakula, nani anatembea, nani amesimama kwa sababu kuna kitu kichakani. Tena alijua za majirani. Jioni majirani walikuwa wakisimama kwenye ua wetu kumwuliza, "Mzee, wale wanaopanda kule ni wa nani?" Naye, macho yamefumbwa, anataja mwenye boma bila kukosea. Wakiondoka alikuwa akijitengeneza shuka begani kwa namna fulani, nami niliyemfahamu nilijua amefurahi.

Kengele zile zilitoka kwa mhunzi. Alikaa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, yeye na ukoo wake, peke yao, maana wahunzi hawaoi kwetu wala sisi hatuoi kwao. Pombe alinywea nje, kwenye kibuyu chake. Bibi yangu alikuwa akikwangua kigoda alichokalia mhunzi huyo. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, tunamdharau mtu na kutembea nyuma ya kazi ya mikono yake kila siku ya Mungu.

Ukitaka kengele kwa mhunzi yule, hukuchukua na kwenda. Alikuuliza ng'ombe gani, mwendo wake ukoje, anaongoza au anafuata, unanywesha wapi na pamoja na nani. Halafu alikuja mwenyewe jioni, akakaa njiani ng'ombe wakirudi, akasikiliza. Hakuwahi kutengeneza kengele mbili za sauti moja kwa maboma yanayonywesha pamoja. Ikitokea kufanana aliirudisha motoni, hata kama mnunuzi amesimama na mbuzi wake wa malipo analalamika kwamba anacheleweshwa. Nikiwa kijana niliona hayo yote kuwa ushamba. Saa nzima ya salamu na pombe na maswali kwa ajili ya kipande cha chuma!

Ndiyo maana nilipoziona dukani nilifurahi. Zilikuwa kwenye boksi, sita sita, za rangi ya dhahabu, na juu ya boksi picha ya ng'ombe mnene wa Ulaya aliyesimama kwenye majani asiyoweza kuyamaliza. Hukumwamkia mtu. Hukuulizwa ng'ombe wako anatembeaje. Ulichukua, ukatoka. Na nyuma ya duka walikuwa wametundika mizani: lete chuma chakavu, upunguziwe bei. Watu walileta majembe yaliyolika, vipuri, masufuria. Mimi nilileta kengele za baba.

Nilizivua siku aliyokwenda kwenye msiba. Nilikata kamba za ngozi alizozifunga kwa mkono wake, nikazitupa, nikafunga kengele mpya kwa kamba za nailoni. Nne za mhunzi zilikuwa nzito kwenye mfuko. Kijana wa mizani alizimwaga juu ya rundo la mabati, zikalia mara moja kila moja kwa sauti yake, zikanyamaza. Nilikwenda nyumbani nikijisikia mwana mwema. Nilikuwa nimemnunulia baba kitu kipya, kinachong'aa, ambacho asingeweza kukiona.

Aliporudi nilimwambia. Alisimama zizini muda mrefu akisikiliza ng'ombe wakicheua, vichwa vikitikisika.

"Zote zinasema neno moja," akasema.

"Ni mpya, baba. Hazishiki kutu."

"Asante, mwanangu."

Hakuuliza za zamani ziko wapi. Zawadi ya mtoto hairudishwi, hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi nilijua, na nilipumzika juu ya adabu yake kama mtu anayelalia mkeka wa mwenzake.

Bado angeweza kumudu, nadhani, kama kengele zile zingekuwa kwetu peke yetu. Angalau angejua kwamba zinazolia kipuuzi ndizo zake. Lakini mimi ni mwalimu. Mwalimu akinunua kitu Mogitu, watu wanasema kimesomwa. Miezi miwili haikwisha, maboma sita yanayonywesha kwenye bwawa letu yalikuwa na kengele za boksi, na mizani nyuma ya duka ilikuwa imemeza kazi yote ya mhunzi yule kwa majirani zetu. Wengine walinishukuru. Mmoja aliniletea maziwa.

Kipindi cha baridi ukungu wa Hanang hushuka mpaka kwenye mashamba na kukaa. Siku hiyo ulishuka mchana, mapema kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nyumbani nasahihisha mitihani. Jioni nikasikia kengele zinaingia, nikafurahi kwamba mzee amewahi, nikaendelea kuweka vema na mkasi. Sikuinua kichwa. Ng'ombe waliingia zizini wenyewe, kama walivyozoea, na mimi nikadhani baba yuko nyuma yao anafunga lango. Nilipomaliza daftari la mwisho ndipo nilipoona lango liko wazi na hakuna mtu.

Yaliyotokea niliyapata baadaye. Bwawani makundi matatu yalichanganyika ndani ya ukungu. Zamani hilo halikuwa jambo. Kila kengele ilimwita mwenyewe. Sasa zililia zote sauti moja, pande zote, baba akazungushwa kama mtoto aliyefungwa kitambaa machoni. Mwisho akafuata kundi lililoondoka, ambalo mchungaji wake alikuwa amelipoteza ukunguni. Aliliongoza kwa fimbo, akiliimbia nyimbo zake, mpaka kwenye boma la mtu mwingine, upande usio wetu. Langoni alifanya alichofanya kila siku maisha yake yote, akasimama, akaweka mkono juu ya mgongo wa kila ng'ombe anayepita na kumtaja jina. Wa kwanza mgongo haukuwa wa jike jeusi. Wa pili hakuwa na nundu anayoijua. Akaanza kuwarudisha nje, kwa kuwa alijua amekosea na alitaka kuwatoa kwa watu.

Vijana wa boma lile walitoka wakakuta mtu kwenye ukungu anaswaga ng'ombe wao nje ya zizi.

Kwetu kuna maneno mengi mabaya. Unaweza kumwita mtu mlevi, mvivu, mchawi hata, na mkapatana. Ila mwizi wa ng'ombe ni neno ambalo watu hufa nalo. Walimwita hivyo baba yangu. Walimwita kwa kelele, mara nyingi, wakimzunguka na fimbo, na mmoja alimpokonya ya kwake. Baba hakujitetea. Alisimama, mikono chini, akageuza uso upande huu na upande huu kutafuta sauti ya mtu mzima.

Mtu mzima alikuja. Alikuwa mwenye boma, rika la baba, na alimtambua mara moja. Aliwafukuza wanawe kwa matusi nisiyoweza kuyaandika, kisha akaichukua fimbo ya baba, akampa ncha moja ashike na yeye akashika nyingine, akamleta nyumbani hivyo, mwendo wote, wawili wao kwenye fimbo moja. Nilikutana nao njiani nikiwa na taa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba," mzee yule akasema. "Nimekuletea mzee wako, mwalimu. Vijana wangu hawana adabu, nitawakanya. Lakini hata mimi nilisikia kengele zangu, nikajua ni ng'ombe wangu wanarudi na mchungaji wangu. Kengele hizi si ndizo ulizotuonyesha wewe?"

Baba alikula kidogo, akalala. Asubuhi alipoamka nilimwona anapapasa ukutani kutafuta fimbo, akaigusa, akaiacha mahali pake.

"Ng'ombe awapeleke mtu mwenye macho," akasema.

Siku hiyohiyo nilikwenda dukani. Kijana wa mizani alinisikiliza kwa heshima yote, maana nilimfundisha. Akanionyesha uwanja mtupu. Lori la chuma huondoka kila mwisho wa mwezi, alisema, kwenda mjini, na baada ya hapo hajui. Nikamwambia ni kengele za baba yangu. Akanijibu kwamba pale wanapima uzito tu. Nilipandisha hasira, nikadai kuonana na mkubwa. Mkubwa akaja, kijana wa shati jeupe asiyetoka kwetu, akanipa pole, akaniambia kengele mpya zipo, na juma hili ukinunua boksi unaongezewa kamba. Nilimdharau pale kwa moyo wangu wote. Baadaye niliona kwamba sikuwa na haki hata ya hilo. Hakunidanganya kitu. Duka lile lilinipa hasa nilichokwenda kukitafuta, kitu kisicho na mtu ndani yake, na nililipia kwa vitu vyenye mtu.

Kwa mhunzi nilifika saa nane. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu nilipoajiriwa. Kibanda cha kazi kilikuwapo, mivukuto ya kupulizia moto imekauka na kupasuka ngozi, na mahali palipokuwa na fuawe, kile chuma kikubwa cha kufulia, palikuwa na shimo la mviringo ardhini. Alikuwa nyuma ya nyumba anaponda kokoto za kuuza. Nyundo aliyoshika niliijua. Ilikuwa ya dukani, mpini wake wa njano umefungwa mpira ili usichomoke.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Karibu kigoda."

Nikakaa. Alinitazama nilivyokaa kwenye kigoda chake, mimi mtoto wa ukoo wetu.

"Leo umekaa," akasema.

Nilimweleza yote, hata la mizani. Nilimwambia nitamletea chuma chochote anachotaka, na mbuzi, na mbuzi wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza ng'ombe njiani.

"Mwaka jana nilipata mteja mmoja," akasema. "Alileta sufuria la duka hilo nimzibie. Nikaona nafanya kazi ya kuwatunzia vitu vyao. Fuawe nimeipeleka kwenye mizani yenu, na nyundo za baba yangu. Nilikuta kengele za watu pale juu ya rundo. Niliziona."

"Za baba zilikuwapo?"

"Zilikuwapo."

Sikumuuliza kwa nini hakuziokota. Angeniuliza mimi kwa nini nilizimwaga.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alifumba macho, akaanza kuzitaja kwa mdomo, moja moja, kwa sauti ndogo ya kooni: ile nzito ya jike jeusi, ile kali ya mwekundu, ile yenye mkwaruzo, ile safi. Zilikuwa ndizo. Miaka mingi, watu wengi, na alizishika zote. Nilitega masikio, nikajaribu kuzirudia kimyakimya ili nizipeleke nyumbani, na nilipofika barabarani nilikuwa nimebaki na mbili, na nilipofika mlimani sikuwa na hata moja.

Nilizivua kengele za boksi nikazitupa chooni, zote. Haikusaidia kitu, maana watu wa maboma mengine hawakuvua zao, na kwa nini wavue? Wao wana macho. Wapo waliosema mwalimu amechanganyikiwa. Yule mama wa Nambis alikuja kumwamkia baba na chupa ya maziwa mgando. Hakunikumbusha maneno yake, na ningependa angenikumbusha ili nipate wa kumkasirikia.

Ng'ombe sasa wanachungwa na mtu wa kuajiriwa. Baba anashinda langoni kwenye kiti cha plastiki cheupe. Kigoda chake kilivunjika mguu, na mchonga vigoda alishaacha kazi, kwa hiyo kiti hicho nilikinunua mimi, palepale, mlango wa kioo, mkono wa kulia baada ya sufuria. Hata sikusita. Nilichagua chenye mikono ili asianguke.

Jioni makundi yanapanda kutoka bwawani, na kila moja linalia vilevile. Majirani wanapita, wanamwamkia, wanaendelea. Hakuna anayesimama kumuuliza kitu. Baba anageuza sikio, anasubiri, anageuza tena. Halafu ananiita mimi niliye ndani na madaftari yangu.

"Mwanangu, wale ni wetu?"

Nami naweka kalamu chini na kutoka kwenda kuangalia.